Ng' ya Mwanzo

Saa kumi na mbili jioni, Coventry, manyunyu,
namlisha supu ya viazi Bwana Colin Folan
wa chumba namba tisa, Barabara ya Holyhead,
ambayo, anasema, ukiifuata usikate kona
itakufikisha bandarini, na ng'ambo ya maji ni kwao.

Kwenye televisheni msomaji wa habari anasafisha koo
kama mtu anayejipima kuruka mtaro,
kisha anasema: Ti-shok.
Kijiko kinaruka. Supu kwenye shuka niliyotandika saa tisa.
Mzee amekasirika. Mimi nimesikia shoka,
nacheka peke yangu: waziri mkuu na shoka lake.

Anaomba kalamu. Mkono unatetemeka, neno halitetemeki:
Taoiseach.
Nalisoma kwa desturi yetu, kila herufi na haki yake,
ta-o-i-se-a-chi,
naye anacheka mpaka meno ya bandia yanahama.
Hizo irabu, ananiambia, nyingine hazisemwi,
zimekuja kumwelekeza jirani yao asimame vipi.
Naelewa: mashahidi wa ndoa,
hawaoi, hawaolewi, lakini bila wao hakuna ndoa.
Sema tii. Sema sha. Mwisho kwaruza.
Nikatoa kh,
ile ya Bi. Khairati, muuza vitenge wa Magu,
aliyempandishia bei kila aliyemwita Hairati.

Lakini mbona, nikauliza, Mjerumani hawamwiti kwa Kijerumani chake,
wala Mjapani kwa Kijapani?
Nani anagawa heshima hii?
Akainua mabega. Labda, alisema, sisi tuko karibu mno,
tungewapigia simu kulalamika.

Kwetu simu haikuwapo.
Alikuja bwana shauri na daftari lenye safu nyembamba.
Mangi, akaandika chifu. Mwami, chifu.
Mtwa, chifu. Na ntemi wetu,
aliyeitwa hivyo kwa kuwa wa kwanza alitema msitu
(kwa shoka, nikamwambia mzee, kwa shoka!),
chifu.
Neno moja, kama sare ya shule, likawabana wote makwapani.

Na sisi hatujanyooka. Waziri tumemtoa Uarabuni,
rais vilevile, tumewapa uraia, wanapiga kura.
Huyo wa kwao mzee, ningemtangaza kwa Kiswahili,
ningesema Waziri Mkuu, wala nisingeona haya.
Au ningeona.

Akanyoosha kidole kwenye beji yangu: Nancy.
Meneja aliichapa wiki ya kwanza, kwa wema,
wazee wasihangaike.
Jina lako, akasema, si hilo la plastiki.
Ng'washi, nikajibu, haraka, kama anayeonyesha kidonda.
Nikasubiri. Ningwashi. Engiwashi. Washi.

Ng'washi, akasema.
Mara ya kwanza. Safi. Kama aliyeinyonya ziwani.
Nikamtaka arudie; akarudia, akashangaa ninavyoshangaa.
Na sisi tunayo, alisema, ng' ya mwanzo:
ukitaka kusema uko Galway, ile g inapandia puani,
i nGaillimh,
mtoto hafundishwi, anajikuta anasema.
Miaka sitini naishi na watu walio na sauti hiyo
kwenye neno lao la mfalme, mwishoni kabisa,
na hawajui kuitanguliza.

Wewe je, Colin ulichapwa na nani?
Msimamizi wa zege, akasema, mwaka wa barabara ya mzunguko.
Coilín. Coilín Ó Cualáin.
Nikajaribu, nikakosa. Akanirekebisha, nikakosa tena,
supu ikapoa, habari zikafika kwenye hali ya hewa.

Kabla ya kutoka zamu nilichukua kalamu ya wino mzito,
nikaandika jina lake mlangoni,
na vile vijiti juu ya irabu nikavihesabu mara mbili.
Kesho meneja ataniuliza hiyo ni lugha gani.
Beji yangu niliiacha ilivyo.
Sijui kwa nini. Basi lilikuwa linakuja.